Kizuizi Kilichobaki

"Kunywa, kaka, bado ya moto," Jirani alisema, akimsogezea kikombe cha chai.

"Nimeshakunywa nyumbani," Subiri akajibu. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, lakini chai ya mtu anayeitaka kazi yako hainyweki.

Subiri ni jina alilopewa na madereva. Kwa miaka kumi na moja yeye na Jirani walitazamana tu mpakani, kila mmoja kwenye kizuizi cha nchi yake, mita arobaini katikati. Sheria ilikuwa moja: usinyanyue chako mpaka mwenzio ashushe chake, gari lisije likapenya moja kwa moja. Sasa jumuiya imepanuka, nchi ya tatu inaingia, na wakubwa wameamua vituo viwili viwe kimoja. Kizuizi cha Jirani kiling'olewa jana, shimo lake likazibwa kwa saruji. Mkuu wa kituo hakuwaficha: "Leo mtashirikiana. Jioni nabaki na mmoja."

"Una watoto wangapi?" Jirani aliuliza.

"Wa kunitosha."

"Wanasoma?"

"Wanasoma, ndiyo. Kwani vipi?"

Maswali gani haya ya kipolisi? Kikulacho ki nguoni mwako, na leo nguo zenyewe zilikuwa sare moja.

Saa nne msafara wa wageni wa nchi mpya ukafika, honi juu ya honi. Jirani alikuwa kwenye komeo, Subiri ameshika kamba ya kunyanyulia. Bila kufikiri, Subiri akatazama ng'ambo, akingoja kizuizi cha pili kishuke. Akangoja. Jirani naye, mkono kwenye komeo, alikuwa amekodolea macho palepale penye saruji.

"Wazee, mnangoja mvua?" dereva wa mbele akapaza sauti.

"Fungua komeo!" Subiri akafoka. Ananitega huyu, alijua.

Komeo likafunguka, kamba ikavutwa, lakini Mkuu alikwishafika mbio, kofia mkononi.

"Nani kawachelewesha wageni?"

Kidole cha Subiri kilikuwa kimeshaanza kunyanyuka kumwelekea Jirani.

"Mimi, afande," Jirani alisema.

"Basi kesho usije."

Msafara ukapita, vibendera vikipepea. Subiri alipaswa kufurahi, ila alikasirika. Mtu hachomi nyumba yake bure.

"Umepata kazi kwingine, siyo?"

"Sijapata."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Wangu wameshamaliza shule," Jirani alisema, akanyoosha mkono kumuaga.

Miaka yote hiyo Subiri hakuwahi kuugusa mkono ule. Aliushika, akaugeuza kiganja juu, akatafuta kilichofichwa ndani. Palikuwa na sugu mbili za kamba chini ya vidole, kama zake mwenyewe, basi. Akazidi kuzitazama.