Vidole Vinne vya Fimbo

Kitu cha kwanza alichokiona Nekesa kilikuwa shimo. Mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa akifagia ua asubuhi. Nje ya mlango wa baba mkwe wake, pale Chifu Mukhisa alipozoea kusimamisha fimbo yake akivaa viatu, palikuwa na alama kwenye tope. Siku zote alama hiyo ilikuwa duara safi kama muhuri, kwa sababu fimbo ilikuwa na kitako cha chuma. Leo kingo zake zilikuwa zimechanika, na ndani mlikuwa na unga mweupe wa mbao.

Aliweka ufagio chini, akaingia jikoni, akapekua kuni moja moja. Chini kabisa akakipata: kipande cha mti cha vidole vinne, chuma kikiwa bado kimeshika, na juu msumeno ulikuwa umepita juzijuzi.

Kila mtu kule Kamukuywa aliijua fimbo hiyo. Tangu vita vya Hitila vianze, Serikali ilikuwa ikidai vijana, na nani alikuwa na karatasi ya kuzaliwa? Chifu alipima kwa fimbo. Kijana aliyeifikia aliandikwa mtu mzima, akapanda lori hadi Bungoma, na kutoka hapo gari la moshi likamchukua. Asiyeifikia alirudi kwa mama yake. Mtu wa kwanza kupimwa alikuwa Khaemba, mtoto wa Chifu mwenyewe, mume wa Nekesa. Barua yake ya mwisho ilikuwa imekaa miezi saba kwenye sanduku.

Mwaka uliopita Chifu alipungukiwa na vijana kumi na mmoja. Bwana DC, mzungu mkuu wa wilaya, alimwambia mbele ya watu kwamba akipungukiwa tena, atafute kazi nyingine. Mwaka huo huo Wepukhulu, ndugu wa pekee wa Nekesa, alipimwa na fimbo ikampita kwa vidole vinne. Baba yao alikuwa amefia Kitale kwenye mashamba ya wazungu. Mama yao hakuwa na mwingine wa kumlimia.

Nekesa alimpelekea mama mkwe wake kile kipande.

“Rudisha ulikokitoa,” Peris alisema bila kuinua macho kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua.

“Mama, kesho watapima.”

“Na wewe utamwambia nani? Chifu?”

Nekesa akakifunga kipande kwenye ncha ya leso yake. Kwa mila yao mke wa mtoto hasemi na baba mkwe. Hamsogelei, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Miaka minne alikuwa ameishi katika ua ule, na hakuwa amewahi kumwambia Chifu hata neno moja.

“Hata na watu wengine husemi,” Peris akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo. “Kuku wanakupigia kelele kuliko wewe unavyowapigia.”

Siku ya pili uwanja wa baraza ulijaa. Lori lilikuwa tayari, mdomo wake umeelekea Bungoma. Bwana DC alikaa kwenye kiti cha turubai. Vijana walipanga mstari, na mbele yao fimbo ililazwa kwenye jiwe bapa, ikimsubiri Chifu.

Nekesa alimwona ndugu yake, akiwa wa tatu kwenye mstari. Tangu mvua zianze Wepukhulu alikuwa amerefuka. Hata kwa fimbo nzima, kuponea sasa kungekuwa jambo la bahati.

Akatoka kati ya wanawake. Alikwenda hadi kwenye lile jiwe, akaketi chini kando yake, akainamisha kichwa.

Chifu Mukhisa, aliyekuwa akija, akasimama ghafla, hatua kumi mbali naye. Akageuza uso.

“Mama, toka hapo bana,” alisema Kimeli, sajini wa askari. “Ama nikubebe?”

“Usimguse,” Chifu akasema. “Ni mke wa Khaemba.”

“Kwa nini wewe nasimama?” DC akauliza. “Pima.”

“Siwezi kufika pale, Bwana. Yeye yuko.”

“Ambia yeye toka.”

“Siwezi kusema naye.”

Mtu akacheka nyuma. “Mjerumani hakumweza Chifu, ati leo ameshikwa na mkamwana!” Lakini kicheko kilikufa upesi, maana Nekesa alikuwa amefungua leso yake. Akakiweka kile kipande juu ya jiwe, chuma kikiangalia chini.

Chifu alikitazama. Jasho lilimtoka chini ya kofia ya Serikali.

“Bwana,” alisema mwishowe, “fimbo yangu ilikatika. Sasa kipande kimepatikana.”

Nekesa akasogea hatua chache, akaketi tena ardhini, mgongo nusu umewageukia. Chifu akaja, akasimamisha fimbo juu ya kipande chake, akaanza. Wa kwanza akapelekwa kwenye lori. Wa pili akarudi nyumbani. Kisha Wepukhulu.

Kutoka chini pale, Nekesa aliona miguu ya ndugu yake, viatu vya Chifu na ncha ya fimbo. Na kati ya fimbo na kipande aliona mwanga, mwembamba kama unene wa kidole.

“Huyu ni mtoto,” Chifu akasema. “Nenda kwa mama yako.”

Walipungua tisa. Mwezi haukuisha kabla kofia na fimbo havijapewa mtu mwingine. Mukhisa, aliyeanza kama mpagazi wa vita vya kwanza na kupanda hadi uchifu, alikwenda Kitale kuwa nyapara kwenye shamba la mahindi la mzungu. Alipokuja likizo, Nekesa aliweka chakula chake mlangoni na kuondoka, kama zamani. Khaemba alirudi kutoka vitani. Wepukhulu alioa. Miaka kumi ilipita, na hakuna aliyelitaja jambo lile.

Walimleta Mukhisa kutoka Kitale ndani ya lori, kwenye sanduku la mbao. Baada ya kufukia kaburi, watu wakaenda kula. Nekesa alibaki nyuma. Kwa mara ya kwanza alimsogelea, hadi vidole vyake vya miguu vikagusa udongo mpya.

“Baba,” alisema, “niliona ulipoinua fimbo.”