Rafu ya Nyinginezo

Saa moja na nusu asubuhi, kabla dirisha la kadi halijafunguliwa, Sista Dorkas aliingia chumba cha kumbukumbu na sufuria la mabomba ya sindano, akaliweka juu ya rafu ya tatu, akaenda kufagia. Alipomaliza kufagia, maji yalikuwa yanachemka.

Mafuta ya taa yalikuwa hayajaonekana Musoma tangu mwezi wa nne, na jenereta ya hospitali ilikuwa imesimama kwa kukosa dizeli. Rafu ya tatu ilikuwa na mafaili mia mbili na kumi na moja, yote ya wanawake, yote yameandikwa namba 799 kwa wino mwekundu. Yalikuwa ya moto. Ya wanawake wa Butiama yalishikika. Ya Bunda yalitaka kitambaa. Ya kisiwa cha Rukuba hayakushikika kabisa, kwa kuwa wenyewe walifika wamechelewa, wakisubiri mtumbwi.

"Rafu hii inaivishaga maharage kuliko kuni za mume wangu," Dorkas alipenda kusema.

Pelagia alikuwa karani mpya, ametoka chuo mwaka ule. Alisoma alichoandika daktari, akakipa namba kutoka kitabu cha wizara. Kila miezi mitatu namba zilijumlishwa zikapelekwa mkoani, na mkoa ukatuma dawa kulingana na magonjwa. Chuoni alifundishwa kwamba 614 ni kuvimba kwa mirija ya uzazi, 615 ni kuvimba kwa mji wa mimba, 616 ni shingo ya kizazi. 799 ni Nyinginezo, yaani ugonjwa usiojulikana. Hapa madaktari waliandika wazi kabisa: mirija imevimba. Mzee Apolinary, mkuu wa kumbukumbu, aliandika 799.

"Hayo ni mambo ya chini, binti," alimwambia siku ya kwanza, akitazama nje. Alikuwa mzee wa kanisa Nyasho. "Anayepokea ripoti mkoani ni mkwe wangu, amemuoa binti yangu. Nimwandikie mirija ya wanawake? Mimi? Tunaandikaga Nyinginezo. Kila mtu anaelewaga."

Pelagia aliitikia kwa kichwa. Hakujua ni nani alikuwa anaelewa nini.

Mwezi wa sita alikuja dirishani Jeska, mke wa Masatu, mkausha samaki wadogo, furu, wa Rukuba. Ilikuwa mara yake ya tatu. Ameolewa miaka minne, hana mtoto. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mirija imevimba, lakini ikipata dawa mapema bado inaweza kufunguka.

"Mdogo wangu, dawa hizi zinakujaga siku gani?"

"Bado, dada."

"Mama mkwe amesema mvua za vuli zikikuta tumbo hili hivi hivi, nirudi kwa baba nikawafuate ng'ombe wao wa mahari." Jeska alicheka kidogo, mkono tumboni. "Na ng'ombe wenyewe kaka yangu ameshaolea mke. Sijui nitafuata mikia gani."

Alipoondoka, Pelagia alifungua nakala za ripoti za nyuma. Kwa mujibu wa mkoa, hakukuwa na mwanamke hata mmoja mwenye mirija iliyovimba. Kulikuwa na mia mbili na kumi na moja wenye ugonjwa usiojulikana, na ugonjwa usiojulikana hutumiwa aspirini.

Alhamisi, Mzee Apolinary akiwa msibani, Pelagia alikata kila 799 na kuandika namba ya kweli. Kila faili lilipopata namba yake lilipoa mkononi, kama kiazi kilichotolewa jivuni. La Jeska alilimaliza mwisho. Aliandika ripoti ya robo mwaka upya na kuipeleka posta mwenyewe.

Ijumaa sufuria halikuchemka.

"Rafu imelala," Dorkas alisema. Watoto thelathini na wawili waliokuja kuchomwa sindano walirudishwa nyumbani. Mama mmoja wa Mukendo, mtoto wake akihema kwa shida mgongoni, alimuuliza Pelagia sababu. Mganga mkuu aliingia, akagusa rafu kwa mgongo wa kiganja, kama anavyogusa paji la mgonjwa.

"Imeshuka," alisema. "Itapanda lini?"

Jumatatu Mzee Apolinary hakugomba. Aliweka wembe wa kukwangulia wino mezani.

"Umefanya kwa moyo mzuri, mwanangu. Lakini wale watoto umewaona?"

Pelagia alikuwa amewaona. Alimwona na Jeska pia. Alijaribu kuwaweka wote mahali pamoja kichwani mwake, hawakukaa. Wiki ya pili ripoti ilirudi kutoka mkoani ndani ya bahasha, na barua fupi ya mkwe wa Mzee: *Shikamoo baba. Ukurasa wa pili una makosa, ambayo sikuyasoma. Naomba yarekebishwe.*

Walikwangua siku mbili. Faili la Jeska Pelagia alilikwangua kwa mkono wake. Alipomaliza kuandika 799 lilimchoma vidole, na kutoka rafuni Dorkas akaita kwamba maji yameanza kuimba.

Mwezi wa nane Jeska alirudi, khanga imelowa kwa upepo wa ziwani.

"Bado?"

"Bado, dada. Ingia upate chai."

Jeska aliingia. Hakuuliza birika limechemkia wapi. Alitembea moja kwa moja hadi rafu ya tatu, akalaza kiganja juu ya faili moja na kukiacha hapo.

"Hili ni langu."

"Ndiyo."

"Linachemsha vizuri." Alipokea kikombe, akanywa polepole, akimtazama Pelagia bila chuki. "Sukari hamna?"

"Haijafika."

Mvua za vuli zilianza wiki ya pili ya Oktoba. Jeska hakuja tena dirishani.

Mwaka uliofuata serikali ilifungua biashara ya nje, na mafuta ya taa yakarudi madukani Mukendo. Hospitali haikuyanunua, kwa kuwa rafu ilikuwepo. Faili la Jeska lilikuwa limezidi moto, kwa hiyo Dorkas alilisogeza katikati, pale panapokaa sufuria kubwa.