Doa la Sebuleni

Kila Hadidja alipopaka chokaa, doa la mafuta lilirudi ukutani, pale mumewe Nassoro alipozoea kuegemeza kichwa baada ya swala ya magharibi. Nassoro aliteremka mto kwa mtumbwi hadi mji wa Isangi, mabomu yakaufunga mto nyuma yake, asirudi tena.

"Acha basi, nyumba inauzwa!" Hadidja aliufokea ukuta.

Chokaa ilikauka taratibu, ikawa nyeupe kama ukungu wa asubuhi juu ya maji, na ndani ya ukungu ule kichwa kikajitokeza tena, kimetulia.

Mnunuzi, Papa Télesphore, akaja, akasifu weupe, akavuta kiti, akaegemea palepale penye doa.

"Bon, nyumba iko muzuri, mama. Ninakamata, ninalipa."

"Sogea kwanza, papa," Hadidja akasema. "Umemwegemea mwenye nyumba."