Mgeni Aliyeingia Kibandani

Fomu ya kuomba kazi iliuliza kama mwombaji anaongea Kijeju, na Dasol akatia alama penye "vizuri sana" bila hata kupepesa macho. Si alizaliwa kisiwani Jeju, kusini mwa Korea? Si bibi yake ni mzamiaji, mpiga mbizi wa kuvua pweza na mwani, anayejulikana kijiji kizima? Ukweli ni kwamba alilelewa mjini Seoul, na alijua tu majina ya samaki, matusi matatu, na namna ya kumwita mtu aje kula. Kwa mtaji huo akaajiriwa kuwa msaidizi wa Mwalimu Maeng, mwanamke wa bara aliyezunguka vijijini akipima lugha ya kisiwa ina uhai kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka tano.

Kijiji cha tatu kilikuwa cha kina Dasol. Mwalimu alitaka kusikia wazamiaji wanavyozungumza wenyewe kwa wenyewe, bila mpimaji kuwakodolea macho. Basi, kwa ruhusa yao, akaacha kinasa sauti katika kibanda cha moto, pale wanawake wanapobadilishia nguo na kupasha miili wakitoka baharini, naye akaenda zake kunywa kahawa. Dasol alipita mara moja tu, saa tano hivi, kupeleka kikapu cha machenza. Bibi Sunok, bibi yake mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa amekaa upande usiofikiwa na moshi, panapokaliwa na wazamiaji hodari peke yao.

"Karibu, mjukuu wangu. Umekula?" alisema Bibi kwa Kikorea cha Seoul, akilipima kila neno kana kwamba anasoma barua ya serikali.

"Nimekula, Bibi."

"Mwone msomi wetu alivyokonda," alidakia Bi Myeonghwa, shoga yake wa tangu utotoni, naye kwa Kiseoul hichohicho. "Huko mjini mnakula karatasi?"

Wakacheka wanawake wote sita. Dasol naye akacheka, akatua kikapu, akaondoka.

Alasiri yeye na Mwalimu walikaa katika chumba cha ofisi ya kijiji kusikiliza. Kijeju kilimiminika kwa kasi, na kila Mwalimu alipocheka, Dasol alicheka pia, akichelewa kidogo.

"Umemsikia huyu wa pweza?" Mwalimu aliuliza akifuta machozi. "Pweza ana mikono minane, mumewe ana miwili, na hakuna hata mmoja unaoosha vyombo."

"Wana maneno hawa," alijibu Dasol. Uso ulimwaka moto. Mwalimu huyu, mtu wa bara, alikuwa ameketi na vikongwe wa kisiwa miaka kumi na miwili akijifunza, na yeye mtoto wa nyumbani alikuwa akichekea asichokielewa.

"Subiri. Hapa," Mwalimu alisema ghafla, akaegemea mbele. "Mtu mmoja kasema jambo fupi, wamenyamaza, kisha wote wamehamia Kiseoul kwa mpigo. Kuna mgeni kaingia. Hiyo ni muhimu, tuiandike. Atakuwa nani, afisa wa ushirika? Mtalii?"

Kabla Dasol hajajibu, kinasa sauti kilijibu. *Karibu, mjukuu wangu. Umekula? Nimekula, Bibi.*

Mwalimu alimgeukia taratibu.

"Ni mimi," alisema Dasol.

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye kinasa sauti. Alirudisha nyuma kidogo. "Hilo jambo fupi la mwanzoni. Ni sauti ya bibi yako, sivyo? Anasema nini?"

Dasol alisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti aliijua kuliko sauti yoyote duniani, ila maneno hayakumwambia kitu.

"Sijui," alisema hatimaye. "Sijui Kijeju, Mwalimu. Nilidanganya kwenye fomu."

Laiti angefokewa. Mwalimu alishusha pumzi tu, akamtafsiria: "Anasema, 'Huyo anakuja. Ongeeni vizuri jamani, msimtie mtoto aibu.'"

Dasol aliinamisha kichwa. Maneno hayo hakuyatunga Bibi, aliyatunga Dasol mwenyewe, miaka tisa iliyopita, siku ya mahafali yake huko Seoul. Bibi alikuwa amepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na samaki mkavu mkobani, akawa anawasimulia wazazi wa rafiki zake kwa sauti kubwa, kwa Kijeju chake cha pwani. Wenzake wakatazamana. Dasol akamvuta mkono, akamnong'oneza kwa hasira: "Bibi, ongea vizuri basi, unanitia aibu." Bibi alifunga mdomo, akatabasamu katika picha zote. Tangu hapo hakumsemesha tena Kijeju, na Dasol alijidanganya kwamba ni uzee tu, au mazoea ya televisheni.

Aliomba ruhusa akaenda nyumbani, karibu anakimbia. Alimkuta Bibi uani akigeuza mwani juani. Njia nzima alikuwa akitafuta neno moja la Kijeju la kuombea msamaha. Hakulipata, kwa maana hakuwahi kulihitaji.

Bibi alijifuta mikono kwenye aproni, akamtazama kwa wasiwasi.

"Mwalimu kasemaje?" aliuliza kwa Kiseoul chake cha uangalifu. "Myeonghwa nilimwonya asiropoke. Tumefaulu?"

Dasol alisimama pale. Alitamani ardhi ipasuke.

"Mmefaulu, Bibi," alisema kwa Kiseoul.

"Afadhali," alisema Bibi, akarudi kwenye mwani wake. "Nilikuwa nahofia tutakuharibia kazi."