Kochi la Mama Anord

Filamu yangu fupi ya kutisha imesifiwa mpaka Dar es Salaam. Ndani yake, kochi la nyumba moja nadhifu humeza wageni. Niliirekodi kwenye kochi la sebuleni kwa Mama Anord, jirani yetu kwenye mtaa wa nyumba mpya hapa Lushoto. Majirani walipoiona, kina mama wa jumuiya ya sala wakakataa kukaa kwake tena.

Zamu yake ya kupokea sala ilipofika, nilitangulia kwenda.

“Shikamoo, mama.”

Akaendelea kupanga vikombe vya chai. Nikakaa katikati ya kochi ili wote wanione.

Kina mama walipofika waliishia mlangoni.

“Si mnaona? Ni sponji tu,” nikawaambia.

“Wewe litakumezaje,” akajibu Mama Happiness, “na wewe ndiye unayelifuga?”

Wenzake wakacheka. Walisali barazani wakiwa wamesimama, wakaondoka bila kugusa chai. Niliinuka, machozi yakinilenga, niwafuate nikawaeleze.

“Kaa,” Mama Anord akasema, bila kunitazama. “Umenifukuzia wageni. Chai yote hii utakunywa wewe.”