Tairi Lililolalia Siri

Kwa wiki nzima tairi la nyuma la gari la baba lilikuwa likikutwa mara kwa mara asubuhi limelala, na kwa wiki nzima kila aliyelitazama alimalizia kwa kunitazama mimi.

Sikatai kwamba nina historia. Muhula uliopita mbuzi alikutwa bwenini kwetu amevaa tai ya mwalimu wa zamu, na uchunguzi ulikuwa mfupi sana. Habari zilifika nyumbani Bugene kabla yangu. Kwa hiyo fundi Leonidas alipotema mate kwenye valvu, akaona hakuna povu, akajaza upepo na kusema pengine kuna mtu analifungulia, baba hakuuliza ni mtu gani.

Jambo lilikuwa zito. Gari hilo ndilo lingempeleka dada Kokuhirwa kufunga ndoa Nyakatuntu Jumamosi, na alikuwa amenichagua mimi nikae pembeni yake. Upande wa pili angekaa shangazi Evaresta, ambaye huwausia maharusi mpaka walie. Dada alisema bila mtu wa kumchekesha atashuka kanisani wanja umefika shingoni.

Baba akapanga jaribio. Ningefungiwa stoo ya kahawa kuanzia jioni, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Asubuhi tairi likikutwa limelala, mimi ni malaika. Likikutwa limesimama, harusi nitaisikia kwa simu. Niliona ni haki tupu. Niliingia stoo kwa hiari yangu, nikampa baba mkono kama mgombea aliyekwisha kushinda.

Asubuhi tairi lilikuwa limesimama, gumu kama jiwe.

Baba hakugomba. Angegomba, ningepata pa kuanzia. Alikuja mpaka kwenye kidirisha cha nondo, akaniamkia vizuri, akanieleza kwa upole kwamba alinipeleka bweni ili niwe mtu. Nikamwambia zilikuwapo siku nyingine ambazo tairi halikulala, wala hakuna aliyenipongeza. Akajibu kwamba siku hizo nilikuwa nimechoka. Kisha akaenda zake na ufunguo wake.

Mlango ningeuvumilia. Kilichonibana ni kwamba kila neno la kweli nililokuwa nalo ndilo hilohilo ambalo mwongo angelisema.

Nikajilaza juu ya magunia nikiomboleza ujana wangu. Baadaye nikahisi kitu kinachuruzika mguuni. Panya walikuwa wametoboa gunia ubavuni, na kahawa ilikuwa inatoka punje mojamoja, bila haraka. Nikaligeuza gunia likalalia tundu lake. Kahawa ikaacha kutoka. Nikaligeuza tena, ikaanza. Nikalilaza, ikaacha. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, maana sikuwa na shughuli nyingine.

Halafu nikatazama nje kidirishani. Gari halikuwa mahali pake pa kila siku. Jana mahali pale palianikwa kahawa, kwa hiyo baba aliliegesha nyuma kidogo.

Kokuhirwa alipoleta kitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage nilimshika mkono kupitia nondo.

"Dada, mwambie baba alisukume gari mbele, gurudumu lizunguke nusu tu. Kisha amwagie maji ya sabuni tairi lote, asiishie kwenye valvu."

Aliuchomoa mkono wake. "Winston, kama huu ni mzaha, Jumamosi nitakaa na shangazi peke yangu, na kuanzia Jumapili sina mdogo."

"Si mzaha. Nadhani tairi limelalia tundu lake."

Baba angenikatalia mimi, ila bibi harusi hakataliwi. Baba aliachia breki, yeye na dada wakasukuma. Alikoroga sabuni ya unga kwenye beseni akamwaga, huku mshtakiwa akiongoza uchunguzi kutoka gerezani, uso umebanwa kati ya nondo mbili. Hakuna kilichotokea. Baba akaanza kuusuuza mkono wake, na mimi nikaanza kuizoea harufu ya stoo.

"Baba, ngoja," dada akasema.

Kipovu kidogo kama punje ya kahawa kilikuwa kimeinuka kati ya meno ya tairi. Kikapasuka. Kingine kikainuka palepale. Baba akapangusa kwa kidole gumba, na chini yake kikang'aa kichwa cha msumari wa bati, kimesuguliwa na barabara mpaka kikawa bapa. Baba akainua macho polepole kwenye paa la jiko jipya la harusi, ambalo alilipigilia bati mwenyewe akisema kazi hiyo haihitaji fundi.

"Kumbe," akasema.

Akataka kuung'oa kwa koleo. Nikamsihi auache, upepo usije ukaisha wote. Leonidas akaja na bodaboda, akauchomoa, akapenyeza kamba ya mpira yenye gundi, akajaza upepo. Safari hii maji ya sabuni yakatulia.

Ndipo baba akaja kunifungulia. Hatua yake ya kwanza ikakanyaga kahawa iliyomwagika. Akaitazama sakafu, akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Na hii?"

"Panya, baba. Safari hii wafungie wao."

Kokuhirwa aliangua kicheko nyuma yake. Baba alijikaza asicheke, ikamlazimu kukohoa. Akaniambia nioshe gari lote, na kile kiti cha pembeni ya dada nikipanguse sawasawa, nisije nikamlaumu mtu nikichafua suruali yangu ya harusi.