Komeo la Nje

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Gatina, na hasira zangu ziko karibu. Milango mingi ya kichochoro chetu ni kazi yangu, na komeo huwa naliweka nje, kwa sababu mpangaji huamka alfajiri, hutia kufuli, huenda kibarua. Mkono umeshazoea hivyo. Ndiyo maana nilikosea gari la Osewe.

Osewe ni jirani yangu, dereva aliyeachishwa kazi ya kusambaza mkate. Alinunua gari kuukuu la mkate akataka kuligeuza nyumba ya safari, awe anapeleka wageni Naivasha walale humo humo. Miezi miwili tulihangaika nalo. Tulitandaza sponji kwenye kuta, tukaweka sakafu ya mbao, sinki, meko ya gesi na kitanda cha kukunja, na mkewe Caren akashona mapazia ya maua kabla ya kwenda kwao Siaya. Kidirisha nikakitia vyuma. Jumamosi nilimaliza mlango wa pembeni, nikatundika kufuli yangu ya kujaribia, ufunguo wake ukiwa humo humo, nikaenda zangu nikijisifu.

Jioni akanipigia simu. "Jentrix, mbona komeo iko nje? Mgeni akilala atajifungia aje?"

"Wacha kunisumbua! Kesho nikitoka church nitairudisha ndani."

Kesho yake mchana, Celine, mtoto wa Ndinda muuza mboga, akapotea. Wiki nzima simu za watu zilikuwa zimejaa habari za magari yanayoiba watoto. Majirani walitafuta nyumba kwa nyumba, hadi wakafungua gari la Osewe. Wakamkuta mwenyewe amejilaza kitandani, mapazia yamefungwa, dirisha lina vyuma, na komeo liko nje. Hawakuuliza swali la pili.

Nilirudi kutoka kanisani nikakuta Osewe yuko chini kando ya mlango, mtu amemkanyaga shingo. Jiwe la mjengo likamshukia usoni nikausikia mfupa ukivunjika. Jicho la kushoto lilijifumba na mpaka leo halijafumbuka. Aliponiona alitamka jina langu tu.

Sikufikiri. Niliokota paipu mlangoni pa karakana yangu, nikampiga wa kwanza magotini, wa pili mdomoni, akatema meno. Nikamshika Osewe mshipi, nikamsukuma ndani ya gari, nikafunga mlango, nikasukuma komeo, nikabana kufuli. Ufunguo nikaukamata ngumini. Kupitia mbele hawangeweza, kwa maana kiti cha dereva kimetengwa na ukuta wa chuma.

"Leta key!" Huyo alikuwa Wanzala, fundi wa mjengo, mpangaji wa mlango wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa na nyundo.

"Huyo ni Osewe, mnamjua! Hiyo komeo ni makosa yangu! Enda uangalie mlango yako, Wanzala. Komeo iko wapi? Si ni mimi niliweka? Nishawahi fungia nani ndani?"

Alisita. Niliona kabisa kwamba ameelewa. Lakini mtu wa nyuma akapaaza sauti, "Huyo ni mwenzake! Leteni petroli tuchome!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimemfungia mtu ndani ya jiko. Mgongo wangu ukiwa umeegemea mlango, nilimsikia Osewe akipapasa upande wa pili, akitafuta komeo ambalo sikumwekea. Kama ningekuwa nimeliweka ndani jana, hakuna ambaye angemtoa kitandani.

Wanzala aliubana mkono wangu kwenye bodi ya gari akapiga nyundo. Kidole cha kwanza kikaenda. "Achilia, sister." Cha pili nacho. Nilimng'ata sikio mpaka nikaonja damu, na ufunguo sikuuachilia. Petroli ikamwagwa mlangoni, viatu vyangu vya kanisani vikalowa. Mtu akachakura mifuko akitafuta kiberiti.

"Amepatikana! Amepatikana!" Ndinda alikuja mbio, Celine mgongoni. "Alikuwa amelala kwa benchi ya church huko Riruta!"

Watu waliweka mawe chini polepole, kama wanaoweka vyombo mezani. Mmoja mmoja wakaingia vichochoroni. Hakuna aliyesema pole. Niliwachukia, na bado nawachukia.

Wanzala peke yake alibaki, nyundo mkononi. "Naweza drive," alisema. Ndani ya gari Osewe hakuwa akipapasa tena, na sikuona dereva mwingine. Ufunguo wa kufuli ulikuwa umenasa kwenye vidole vilivyovimba, Wanzala mwenyewe ndiye aliyevikunjua; ule wa gari akautoa mfukoni mwa Osewe.

Basi mimi na Osewe tukawa wageni wa kwanza wa kitanda kile, damu ikinyonywa na godoro jipya. Wanzala aliendesha huku akilia kwa sauti, tukamsikia hadi nyuma.

Hospitalini alimbeba Osewe mgongoni, akamlaza kwa upole, akasimama kando yake. Muuguzi akachukua kalamu. "Nani amewapiga?"

Wanzala aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo, kunisihi.

"Majirani," nilisema. Akashusha pumzi.

"Wengine sikuwaona vizuri," nikaendelea. "Huyu hapa anaitwa Wanzala. Andika."